Aliyeuza Siye Aliyeokota

Hitma ya arobaini ya Bi Zuhura ilisomwa Majengo Alhamisi iliyopita, na mimi nilitoka mtaa wa Tena, kwa binti yangu, mapema, kwa sababu nawajua watu wa Majengo, ukichelewa unapewa wali wa chini wa sufuria na kuambiwa nyama imeisha sasa hivi. Nikakaa kwenye mkeka, nikanyoosha miguu yangu hii inayolia kama kitanda cha kamba, na mara akaja kukaa ubavuni mwangu mwanamke mzima, mnene wa kushiba, miwani puani, simu mbili mkononi. Akaniambia kwa ile sauti ya watu wa ofisini, laini, kama anamwongelesha mgonjwa: "Shikamoo Khala Saumu. Watoto wangu wananiuliza ile habari ya mimi kuibwa, na mimi sikumbuki chochote. Bi Zuhura alikuwa hataki kuisema. Sasa ameondoka. Umebaki wewe." Huyo ni Tabu. Nikamwangalia, nikamwambia, "Marahaba. Ngoja nile kwanza, wewe ulipotea wiki nzima, wali wenyewe haupotei?" Akacheka. Nikala, nikalamba vidole, nikamhadithia. Na nilivyomhadithia yeye ndivyo ninavyowahadithia nyinyi, ila nyinyi hamtanipa nauli ya kurudia nyumbani na soda.

Ulikuwa mwaka ule wa unga wa njano. Wakubwa wenzangu wanaujua. Mvua ilikataa, mahindi yakakauka shambani, tukaletewa unga kutoka ng'ambo, rangi yake kama manjano ya pilau. Nyumba yetu wakati huo ilikuwa ile ya Bi Zuhura, ya udongo, paa la madebe yaliyonyooshwa, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ujia katikati, na nyuma ua wenye jiko la kuni lililoegemea ukuta. Siku hizi hapo kuna ghorofa, ukitaka kumwita jirani unapiga simu. Sisi tulikuwa tunapika pamoja baada ya sala ya alasiri, kila mtu na sufuria yake, na hakuna siri iliyovuka lile jiko ikiwa mbichi. Bibi Kidawa, mkongwe kuliko wote pale, ndiye aliyewatoa wengi wetu matumboni mwa mama zetu, naye ule unga ulimtesa roho. Alikuwa anabonyeza tonge, analiangalia, anasema kwa sauti yake ya kutokea kooni: "Zuhura, huu ugali au kiini cha yai? Mimi nimekosa nini hata nile chakula cha kuku wa Mzungu?" Nilikuwa nikimwiga hivyo hivyo, na shingo ninaikunja kama yake. Niliiga kila mtu. Shule mimi niliiona kwa nje tu nikipita na sinia la mahamri ya kuuza, lakini mdomo nilipewa. Nilimwiga mzee wa nyumba ya pili akikohoa mpaka mkewe akaanza kumpashia chai, na mzee mwenyewe yuko sokoni Gikomba. Watu waliniita Saumu Kasuku, na mimi nikaona ni sifa.

Tabu alikuwa na miaka mitano. Hakuzaliwa na Bi Zuhura. Bi Zuhura alizika watoto wake watatu wachanga, mmoja baada ya mwingine, akabaki na kitanda kikubwa na mume dereva aliyezeekea njiani. Halafu mpangaji wa chumba cha tatu, msichana wa bara, akajifungua, akapata mchumba wa Molo asiyetaka mzigo. Siku hizi watu wanaandikishana kwa mawakili. Sisi ilikuwa neno. "Bi Zuhura, huyu ni wako." "Nimempokea." Basi. Na aliitwa Tabu makusudi, jina baya, ili kile kilichokuwa kinafuata watoto wa Bi Zuhura kikisikia kiseme, aa, huyu wa nini. Mtoto mwenyewe alikuwa mweusi wa kung'aa, mdomo mrefu, akikasirika anasimama katikati ya ujia anasema, "Sitaki miye," na nyumba nzima inajipanga upya.

Alipotea Jumamosi, siku ya kumtia bi harusi hina nyumba ya jirani. Wanawake wote tulikuwa kule, mikono imefungwa mifuko ya nailoni, hakuna anayeweza hata kujikuna. Mtoto wa watu wote hupotea kwa urahisi. Bi Zuhura alidhani yuko kwangu, mimi nilidhani yuko kwa Bibi Kidawa, Bibi Kidawa alidhani amelala. Jua liliposhuka tukaanza kuulizana kwa kucheka, halafu bila kucheka, halafu Bi Zuhura akatoka barabarani na hina yake mbichi ikimchuruzika mpaka viwiko, anaita. Watu walipisha njia wakidhani ni damu.

Tulikwenda kituo cha polisi, mimi na yeye. Afisa alikuwa anakula mkate, hakuuweka chini. Akauliza, na mimi huyu nimemwiga miaka arobaini sijachoka: "Mama, huyu mtoto ni wa kuzaa ama wa kupewa?" Bi Zuhura akasema wa kupewa. "Aaa. Sasa si ameendea wenyewe?" Akakata kipande kingine. "Ngojeni. Mtu wa kupewa hurudianga kwao." Tulituma mtu Molo, akarudi na salamu na viazi, mama yake mzazi hakuwa na habari, alilia, lakini alikuwa na tumbo la mtoto mwingine, hakuweza kuja. Hata majirani wakaanza kusema vile vile, kwa upole, ambao ni mbaya zaidi: "Zuhura, pokea tu. Hakuwa wako." Yeye alikuwa akijibu neno moja, "Yuko wapi?" Hakulia. Alikuwa anatandika kile kitanda kila asubuhi, anaweka nafasi ya mtoto upande wa ukutani, anavuta shuka mpaka haina mkunjo.

Siku ya pili baada ya alasiri tuko jikoni. Ugali wa njano umeiva, mchicha uko chini. Na ukuta ukasema, "Sitaki ugali miye."

Sauti ya Tabu. Wazi, kama yuko nyuma ya jiko. Watu wote wakageuka, lakini hawakuuangalia ukuta. Waliniangalia mimi. Kabla sijafunua mdomo Bi Zuhura alishanizaba kofi la hina. "Saumu, cheza na kila kitu. Na hiki pia?" Nikaapa kwa kaburi la mama yangu. Bibi Kidawa akasema, "Mama yako yuko Machakos anauza ndizi." Ni kweli alikuwa hai, nilibabaika tu. Kesho yake, wakati ule ule, Bibi Kidawa akaniketisha kwenye kinu kilicholala, akaniambia, "Fungua." Akanitia maji mdomoni mpaka mashavu yakasimama kama ya mpiga zumari. "Ukimeza nitaona. Ukitema nitaona." Nyumba nzima ikasimama inanitazama, hakuna aliyekumbuka sufuria yake. Tukangoja. Ugali ukaungua. Na ukuta ukasema, kwa ile ile sauti ya mdomo mrefu, "Hapa kuna moshi." Maji yote nikammwagia Bibi Kidawa kifuani, na hakuna aliyenigombeza. Wapangaji wawili walihama jioni ile ile na magodoro yao kichwani.

Mnaniuliza niliogopa? Niliogopa, lakini udadisi ulikuwa mbele ya woga. Unajua anayeiga watu hasikii maneno kwanza, husikia mdomo. Wengine walikimbia jikoni, mimi nikawa navuta kigoda naweka sikio kwenye udongo ulio na joto bado. Na nikaanza kusikia kitu. Ile sauti ilikuwa inabadilika. Siku ya kwanza ilikuwa Majengo tupu, "Sitaki miye." Siku ya sita ikasema, "Mi sitakangi." Mtoto wetu hasemi hivyo. Na hapo katikati, mtoto akiwa anacheza peke yake na mdomo, si mnajua wanavyofanya, anaiga chochote kilicho karibu, ikawa inasema "ko, ko-ko-ko, ko," mfululizo, kama nyundo juu ya bati. Nikajipigia ile ko-ko-ko ulimini. Nikaisikia: ni watu wanaonyoosha mapipa kutengeneza masufuria, kule mtaa wa Kariobangi. Nilikuwa napita huko na mahamri yangu, na wanavyoongea huko ndivyo hivyo ukuta ulivyokuwa unaongea. Mtoto alikuwa anajifunza kuongea kama watu wa mahali alipo.

Nikaenda kumwambia Bi Zuhura, sinia la chai mkononi, na mlangoni kwake nikasikia Bibi Kidawa ndani, anasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, ndogo, haina koo. "Zuhura, ni yule wa makaa." "Nyamaza, Bibi." "Ni yule. Aliyeuza siye aliyeokota. Mimi niliuza, sikuokota." Mimi nikasimama pale mpaka chai ikapoa. Mkisikia watu wazima wanaongea hivyo msigonge mlango.

Habari yenyewe ni hii. Mtu akizika watoto wachanga mfululizo, wazee walikuwa na dawa yao. Anayefuata anatiwa kwenye ungo, anapelekwa jaani, kwenye takataka, asubuhi. Mama anamweka pale, anageuka, anaondoka bila kutazama nyuma, kama mtu aliyetupa. Halafu mwanamke mwingine anapita, anaokota, anapaza sauti, "Nimeokota mtoto, nani ananunua?" Mama anarudi kama mgeni, ananunua kwa konzi ya chumvi, wanakula pamoja. Kifo kikija kinauliza mtoto wa Zuhura yuko wapi, kinaambiwa Zuhura hana, huyu ni wa kununua. Sasa, Tabu alikuwa wa siku saba. Aliyepangwa kuokota ni Bibi Kidawa. Lakini Bibi Kidawa akasimama njiani kubishana na muuza samaki juu ya kichwa cha samaki, na kabla hajafika, akapita mwanamke mgeni na gunia la makaa kichwani, akaona mtoto kwenye takataka. Akatupa gunia. Akamkumbatia mtoto, akalia, akasema, "Jamani, nimeokota mtoto." Maneno yenyewe, na hakufundishwa na mtu. Na wanawake wa Majengo badala ya kumlipa walitoka wakipiga kelele, mwizi wa mtoto, Bi Zuhura mbele yao, wakampokonya, wakamsukuma akaangukia makaa yake. Halafu wakamrudisha mtoto kwenye ungo, Bibi Kidawa akafika anahema, akajifanya anaokota, chumvi ikatolewa, pilau ikaliwa. Mchezo wa pili. Ule wa kwanza ndio uliokuwa wa kweli, na haukulipwa.

Usiku nikamwambia Bi Zuhura nilichosikia ukutani, na asubuhi tukaenda Kariobangi, yeye na mimi, Bibi Kidawa magoti yamemkatalia. Bi Zuhura alifunga chumvi kwenye pindo la leso, sikumuuliza. Muuza makaa si mtu wa kufichika. Tuliuliza watu watatu, wa nne akatuonyesha kwa kidevu. Chumba cha mbao, makaa yamepangwa kwenye mikebe nje, ndani giza, na upande wa pili wa ukuta vijana wanagonga mapipa, ko, ko-ko-ko, ko. Tabu alikuwa amekaa juu ya magunia, uso mweusi kwa vumbi, meno tu ndiyo yaliyoonekana. Alipotuona hakukimbia kuja. Alisema, "Bi Zuhura, huku kuna paka wa jicho moja," akaendelea kukaa.

Mama Nafula, ndilo jina la yule mwanamke, alisimama kati yetu na mtoto. Mrefu, mikono mikubwa, vidole vimeingia makaa hadi mistari ya ngozi. Hakukana. Akasema, "Mimi nilijua mtakuja. Kaeni basi, nyinyi si wageni wa kusimama." Hatukukaa. Akasema: "Kwetu Bungoma mtoto wa takataka ananunuliwanga. Mimi sikujua ni dawa yenu, mimi niliona mtoto. Mkanisukuma. Sawa, nikaenda. Lakini usiku huo hii nyumba yangu ikaanza kulia. Mtoto mdogo, kwa ukuta. Mimi sina mtoto hapa, wangu wako kwa mama yangu. Nikahama, ikanifuata. Miaka mitano, mama. Mtoto analia, halafu anaanza kuongea, halafu anaitisha chakula, kadiri anakua. Bwana yangu alihepa. Juzi nikasema, acha niende nione huyu ninayemlea kwa sikio. Nikamwona kwa mfereji wa maji, nikamwambia kuja, akakuja. Na hiyo jioni ukuta ikanyamaza. Mimi nimelala, mama. Mara ya kwanza nimelala." Mimi nikasema, "Imehamia kwetu." Akaniangalia, akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia habari za ndugu.

Sasa hapo ndipo kila kitu kilipokuwa kimesimama kwa ncha ya kidole. Nje kulikuwa na vijana wa nyundo kama ishirini. Bi Zuhura angesema maneno yale yale aliyosema miaka mitano nyuma, mwizi wa mtoto, Mama Nafula asingefika jioni, mnaujua mji huu. Nilimwona amefungua mdomo. Nilimwona anaangalia mtoto, anaangalia ile mikono. Akafunga mdomo. Akauliza, "Nifanye nini, mama?" "Mrudishe kwa takataka," Mama Nafula akasema. "Mimi nitaokota. Halafu utaninunulia kama watu. Lakini ukigeuka kabla sijaita, si wako tena, na mimi sijui atakuwa wa nani."

Jaa la Kariobangi halikuwa ungo na asubuhi ya baridi. Lilikuwa mlima, moshi unatoka ubavuni, makorongo wamesimama juu kama mahakimu. Mama Nafula akampa Tabu njugu kwenye gazeti ili akae, na Bi Zuhura akamketisha juu ya tairi, akamfuta pua, akageuka. Akatembea mpaka mahali palipoishia na ukuta wa mabati, akasimama anautazama, mimi kando yake, migongo yetu kwa mtoto. Ni mtoto wa miaka mitano huyo, si wa siku saba. Angeweza kushuka, angeweza kupotea kwenye moshi, na Mama Nafula angeweza kumchukua akaenda zake na sisi tunaangalia mabati. Hilo Bi Zuhura alilijua. Vidole vyake vilikuwa vimekamata kile kifundo cha chumvi hadi vimekuwa vyeupe.

Tukangoja. Mama Nafula hakuita. Na mabati yale mbele ya pua zetu, hakuna mtu, hakuna chochote, yakasema polepole, "Mama. Mama, geuka. Nadondoka."

Nywele zilinisimama ndani ya mtandio. Ile sauti ilikuwa Tabu kuliko Tabu. Bega la Bi Zuhura nikaliona linaanza kuzunguka, shingo inafuata. Akaninong'oneza, "Saumu. Ni wewe?"

Nikasema, "Ni mimi."

Akanifinya mkono, nina alama mpaka leo hapa, kwa kucha, kama koleo. Lakini bega likarudi. Yale mabati yakaita tena, kwa kulia sasa, na mimi nikawa nachezesha midomo pamoja nayo ili aone ni yangu, jasho linanitoka, naogopa ile sauti isije ikawa inanitumia mimi. Halafu nyuma yetu Mama Nafula akapaza sauti mpaka makorongo yakaruka: "Nimeokota mtoto! Nani ananunua?" Na Bi Zuhura akageuka, akaenda kwa mwendo wa mgeni, hodi hodi kabisa, akasema, "Mimi nitanunua, mama, ukiniuzia." Akafungua leso. Mama Nafula akaipokea ile chumvi kwa mikono miwili, akaonja, akasema, "Mchukue. Ni mzito, huyu mlafi." Akatusongea ule ugali wa njano, chumvi ikaingia kwenye mboga, tukala sahani moja, Bi Zuhura akikata tonge pale pale vilipopita vile vidole vyeusi. Kila Idi baada ya hapo Mama Nafula alikuja Majengo akaketishwa chumbani, juu ya kitanda, na Bibi Kidawa ndiye aliyemnawisha mikono. Ukuta wa jiko letu haukusema tena, wala wa Mama Nafula. Nimejaribu kuiiga ile sauti ya mabatini, nikiwa peke yangu, nipate kujua ilikuwa ya nani. Kila mtu naweza. Ile sauti, mdomo unakataa.

Lakini Tabu aliniuliza pale kwenye mkeka kitu kingine. Miwani ameivua. "Khala, kwa hiyo Bi Zuhura alikufa akidhani ni wewe?" Nikamwambia hapana, mama, sikiliza. Siku ile ile tunarudi kwa miguu, tumepita mto, wewe uko mgongoni kwake umefungwa leso kama mtoto mchanga, miguu yako mirefu inapiga magoti yake, Bi Zuhura akaniambia bila kunitazama, "Ile sauti haikuwa yako." Akakupandisha mgongoni, akaongeza, "Wewe ukimwiga Tabu unazidisha pua."

Nikamuuliza, basi kama ulijua, mbona hukugeuka.

"Ilikuwa inalia mbele," akasema. "Nyuma nilikuwa nasikia mtoto wangu anatafuna njugu. Nikasema, acha hicho kilie, mimi nasikiliza meno."